Kengele ya Mwaitu

Kitengela, 4 Februari 2024

Shemeji Evalyne,

Pokea boksi hili kutoka kwa dereva wa lori la ng'ombe. Nimelifunga na selotepu pande zote. Likifika likiwa limefunguliwa niambie, nijue ni nani wa kuuliza.

Ndani kuna vitu viwili. Kile cheupe chenye kamba ni cha mama yetu Mwaitu kuvaa shingoni. Kiko na kitufe kimoja tu. Tangu apooze upande wa kushoto na sauti yake kupotea, mimi hapa silali vizuri. Nafikiria vile yuko peke yake kwa nyumba yake, na wewe uko ng'ambo ya boma la mbuzi hata hujui kama anataka maji. Akibonyeza, kitatoa mawimbi ya redio. Kile cheusi chenye kioo ni chako, kiweke jikoni. Kinapokea hayo mawimbi na kupiga kengele ndefu mara tatu. Si redio kama ile ya kusikiza habari. Ni kompyuta ndogo, na kazi ya redio inafanywa na programu, kwa hivyo chochote kinachopita hewani utakiona kwenye kioo kama mistari inayoteremka. Mwaitu akiita, mstari mwekundu utatokea kando kidogo ya katikati.

Antena isimame wima na isiguse mabati. Huko kwenu hakuna network, hata juu ya kilima, na najua kusafiri mbali kupiga simu ni kazi, kwa hivyo niandikie, utume na lori likija soko. Andika unachoona, si unachofikiria.

Marehemu kaka yangu alikuwa akisema ameoa mtu mwerevu. Basi hii haitakushinda.

Nzuki


Mashuuru, 12 Februari 2024

Shemeji Nzuki,

Boksi limefika likiwa limefungwa. Hakuna mtu wa kuuliza.

Mwaitu amevaa kitu chake na cha kwangu kiko jikoni, juu ya kabati, mbali na mabati. Kengele haijalia hata mara moja. Kwenye kioo kuna mstari mmoja katikati kabisa, na hauondoki hata Mwaitu akiwa amelala. Zaidi ya huo ni rangi ya bluu tu, kama leso iliyochujuka.

Unasema hulali vizuri. Mimi nalala vizuri sana. Nikishamgeuza, nikamwosha, nikafua shuka zake, nikachota maji, nikakamua mbuzi na kurudi kutoka kufundisha watoto wa nasari, siulizi kitanda kiko wapi. Kama unaona mambo huku hayaendi, njoo uangalie mwenyewe. Kutoka Kitengela hadi hapa si Ulaya.

Phylis anakusalimia. Anauliza kama uncle atamletea mkate wa slesi.

Evalyne


Kitengela, 18 Februari 2024

Shemeji,

Huo mstari wa katikati ni wa mashine yenyewe. Mashine za aina hii zote hujisikia kidogo, na hata ukitoa antena huo mstari utabaki. Usiuhesabu.

Fanya hivi, na ufanye kwa mpango huu. Kwanza zima inverter, kile kiboksi cha kugeuza umeme wa sola. Hizi inverter za bei ya chini hupiga kelele hewani kuliko duka la kanda za muziki, na zinaweza kufunika sauti ndogo kama ya kitufe. Pili, tafuta kushoto na kulia. Nyumba ya Mwaitu inachemka mchana, na joto likiingia kwenye kile kitufe masafa yake husogea, kwa hivyo mstari unaweza kuwa umehama. Tatu, kuna namba ya nguvu ya kupokea hapo juu ya kioo. Ipandishe polepole hadi mwisho huku Phylis akibonyeza kule kwa Mwaitu, kisha uniambie ulichoona.

Kuja siwezi. Niko na nyumba za watu hapa Kitengela zinangoja kamera na kengele za wezi, na wateja wa hapa hawangoji. Mmoja akitunza na mwingine akitafuta pesa na maarifa, mgonjwa hakosi kitu. Sioni kwa nini tuseme mengi zaidi ya hayo.

Mkate uko ndani ya mfuko.

Nzuki


Mashuuru, 26 Februari 2024

Shemeji Nzuki,

Inverter nilizima, tukala na tochi. Kushoto nimetafuta, kulia nimetafuta. Ile namba nimeipandisha hadi mwisho na kuirudisha hadi chini, Phylis akibonyeza mpaka kidole kikauma. Bluu.

Labda mama yako habonyezi. Labda hataki kuniita mimi. Hilo umelifikiria, ama halimo kwenye programu?

Ameanza vidonda mgongoni. Nilimwambia nesi wa zahanati, akasema ageuzwe kila mara. Nikamuuliza na mimi nigeuzwe na nani, akacheka akidhani ni mzaha.

Njoo. Hii ni mara ya pili naandika hilo neno. Sitaliandika ya tatu, maana hata kalamu inaona aibu.

Evalyne


Kitengela, 4 Machi 2024

Shemeji,

Kuna jambo moja halielewani. Kabla ya kutuma hivi vitu nilivijaribu hapa. Nguvu ya kupokea ikiwa mwisho na kitufe kikiwa karibu vile, mashine hulemewa. Kioo hakibaki bluu. Mstari mmoja unajirudia unakuwa kumi, huku na huku, kama mtu aliyepigwa akaona nyota. Wewe unasema umepandisha hadi mwisho na ni bluu. Basi ni moja kati ya mambo mawili. Ama antena haijachomekwa, ama hukufanya nilichokuambia.

Sitaki kuamini la pili. Nitaamini mashine imeharibika, kwa sababu mashine haina moyo wa kuniumiza.

Nimemtumia jirani yenu Katoo Kisemei kipokezi kingine, kile kidogo cha kuchomeka kwenye simu. Kazi yake kwa hifadhi ni kufuatilia simba waliofungwa mikanda ya redio, kwa hivyo mistari anaijua, na nyumba yake iko juu ya kilima ikitazama yetu bila kizuizi. Akikosa na yeye, kitufe ni kibovu. Akipata, basi tutajua ubovu uko kwa nani.

Nzuki


Mashuuru, 19 Machi 2024

Rafiki yangu Nzuki,

Sopa. Huku tuko salama, mvua imenyesha kidogo na ng'ombe wanarudi wameshiba.

Kidude chako kilifika wiki iliyopita na nimekichomeka vile uliniambia. Habari ni nzuri. Mwaitu anasikika. Mara ya kwanza nilimpata juzi jioni, mstari mwembamba mwekundu, umesogea kulia kidogo sana kwa sababu ya joto, lakini safi. Hata simba wetu hawasikiki hivyo.

Jana Jumatatu ndiyo nilisikia vizuri zaidi. Nilikuwa nimebaki nyumbani kwa ajili ya ndama mgonjwa, nikaacha simu imewashwa. Aliita kuanzia wakati wa chai hadi jua likawa juu ya kichwa. Anaita, anapumzika, anaita tena. Nikasema kumbe mama bado ana nguvu. Sikushuka, kwa sababu uliniambia nisikilize tu nikuandikie, na moshi wa jikoni kwa Evalyne nilikuwa nauona, nikajua mtu yuko. Baadaye aliacha, nikafikiri amepata alichotaka.

Kwa hivyo kitufe ni kizima. Angalia upande wa jikoni.

Mimi naingia porini sasa hivi kufuata simba, kwa hivyo barua hii naiacha sokoni; lori linapita Alhamisi, itakuja nalo.

Katoo


Kitengela, 31 Machi 2024

Katoo,

Barua yako nimeikuta kwa bucha nikitoka kumzika. Ilikuwa imengoja hapo juu ya friji tangu lori liliposhusha ng'ombe, na mimi nilikuwa nimeshapita kuja huko na gari la jeneza.

Mwaitu alikufa Jumatatu hiyo mchana. Wewe mwenyewe ulibeba jeneza, unajua, na hukuniambia ulichosikia ukidhani barua nimeshaisoma. Lililokuwa likinisumbua kaburini ni kutojua kama aliita. Sasa najua aliita asubuhi nzima, na moshi ulikuwa unatoka jikoni.

Usijilaumu. Uliambiwa usikilize ukasikiliza. Evalyne usimwambie lolote kuhusu barua hii wala ile yako. Utaona nilivyokuwa na sababu ya kukataa wasimvue kile kitufe. Nilitaka azikwe nacho kwa sababu nilikitengeneza kwa mikono yangu, lakini nimepata matumizi mengine.

Mwisho wa Aprili nitakuja tugawe nguo zake. Nitamfungia shemeji kengele ya boma, fisi wasimmalizie mbuzi.

Nzuki


Mashuuru, 5 Mei 2024

Shemeji Nzuki,

Asante kwa kengele ya boma. Fisi walikuja Jumatano, ikalia ule mlio mfupi, nikatoka na tochi na mbwa, wakakimbia. Sikutarajia wema kutoka kwako baada ya vile hukunisalimia kaburini. Phylis amefurahia viatu.

Nina swali la mashine. Tangu uondoke, kengele inalia mlio mwingine. Ule mrefu, mara tatu. Ule wa Mwaitu. Nilifikiri ni boma, nikaenda nikakuta mbuzi wametulia wanacheua. Kwenye kioo mstari mwekundu unatokea kando ya katikati, pale pale ulipokuwa ukitokea. Jana ulilia nikisonga ugali, mwiko ukanianguka.

Ni nini hicho? Kitufe tumekizika naye.

Evalyne


Kitengela, 12 Mei 2024

Shemeji,

Nimesoma kwa makini. Unasema mstari unatokea "pale pale ulipokuwa ukitokea". Mimi nakumbuka ulikuwa hautokei.

Lakini tufuate mpango. Kwanza zima inverter, huenda ni kelele. Pili, tafuta kushoto na kulia, huenda ni redio ya mtu mwingine inayopita karibu. Tatu, shusha nguvu ya kupokea polepole. Kelele huzama mapema, lakini mawimbi ya kweli yanabaki hadi karibu na mwisho. Andika unachoona, si unachofikiria.

Usizime mashine. Ndiyo hiyo hiyo inayosikiliza boma.

Nzuki


Mashuuru, 20 Mei 2024

Shemeji,

Nimezima inverter, imelia. Nimeshusha nguvu hadi chini, mstari umebaki. Kila kifaa huwa na namba yake, ulinieleza ulipokuja, na namba inayoandikwa kwenye kioo ni ile ya kitufe chake. Nimemleta mchungaji akaomba jikoni, ikalia akiwa bado anaomba. Hajarudi.

Nilizima kila kitu siku moja. Fisi walichukua mbuzi wawili, mmoja alikuwa na mimba. Nikawasha tena.

Sasa nakuandikia si kwa ajili yangu. Phylis akisikia huo mlio anaacha chochote anachofanya, anachota maji kwa kikombe cha nyanya yake na kwenda nacho kwenye ile nyumba. Nikimuuliza anasema nyanya anaita. Nimemchapa kwa hilo, na baadaye nikajuta, na kesho yake akaenda tena. Anakaa pale kwenye kitanda kitupu anangoja amwambie anataka nini. Mwalimu wake anasema darasani haandiki, anasikiliza tu. Ana miaka saba, Nzuki. Ni mtoto wa kaka yako.

Niambie ni waya gani nikate.

Evalyne


Kitengela, 27 Mei 2024

Shemeji,

Hakuna waya wa kukata. Mashine iko sawa. Ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Mtu akiita, mwingine akae jikoni akipuliza moto, yale mawimbi hayaendi kuzimu. Yanaenda mahali. Mimi ni fundi, siwezi kukuambia yanaenda wapi, lakini naona yamekupata.

Mtoto mwache aende na maji. Angalau kuna mtu katika boma hilo anayeitika.

Nzuki


Mashuuru, 9 Juni 2024

Nzuki,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, kwa hivyo nisamehe Kiswahili changu.

Evalyne alipanda hadi kwangu na mtoto mgongoni. Mtoto amekonda. Akaniuliza kama mimi najua kitu. Ulinikataza kusema, na mimi nilitii, nikidhani ni huzuni yako. Nikachukua kidude na ile antena yetu ya simba, ile yenye meno kama reki, tukashuka. Kengele ilipolia nikageuza antena huku na huku. Haikuelekea kaburini. Ilielekea nyumba ya Mwaitu. Nilipokaribia, simu ilijaa mistari kila upande, nikatoa antena kabisa, nikaziba simu na mwili wangu na kuzunguka taratibu, vile tunafanya simba akiwa karibu sana. Nikapanda juu. Chini ya bati, pembeni, kuna kiboksi chenye sola ndogo. Kinatoa namba ya mama yako chenyewe, kinapumzika, kinatoa tena. Umekifundisha hata kupumzika kama yeye.

Nimekikabidhi kwa Evalyne mbele ya mtoto, ili mtoto aone ni plastiki.

Mimi nafuata simba aliyekula ng'ombe wangu mwenyewe, na kazi yangu ni kumlinda. Kazi hiyo imenifundisha kukaa na hasira. Wewe umesoma haya mambo yote ya mawimbi, na ulichopata cha kupiga nayo ni mtoto wa miaka saba.

Kidude chako nakirudisha na lori. Usinitumie kingine.

Katoo


Mashuuru, 10 Juni 2024

Nzuki,

Shemeji sikuiti tena.

Kesho naondoka na Phylis. Tunaenda Nkoroi kwa dada yangu, amenipatia kazi kwa shule ya watoto. Ufunguo uko kwa Katoo. Mbuzi waliobaki ni wako, uje uwakamue na kamera zako.

Nitakuambia kilichotokea, na nakuambia kwa sababu kitakuuma. Usije ukadhani naomba msamaha.

Antena nilichomoa. Ndiyo. Kengele ililia tangu siku ile ile boksi lilipofika, na nilikuwa naenda. Mikono ikiwa na unga naenda, Phylis akiwa kwa beseni naenda. Nikifika, Mwaitu haangalii maji niliyobeba. Anaangalia mlango nyuma yangu. Wewe ulimtumia dereva ujumbe amweleze kwa Kikamba kitu hiki ni cha nini, na dereva akamweleza alivyoelewa, kwamba akibonyeza, Nzuki atasikia kule Kitengela. Nilijaribu kumwambia si hivyo. Akalia upande ule mmoja wa uso ambao bado ulikuwa unaweza kulia. Sikujaribu tena. Kutoka hapo kila kengele ilikuwa ni mimi kuingia na kuona anavyosikitika kuwa ni mimi. Mara kumi, mara ishirini kwa siku. Nikachomoa ili nipate kupika, nikairudisha baada ya kumzika. Kitufe nilimwachia kwa sababu kilimtuliza kukibonyeza.

Na nilikuandikia uje. Ukatuma maelezo ya inverter.

Ile Jumatatu ya Katoo sikuwa jikoni. Sufuria ndiyo ilikuwa jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwake tangu alfajiri, kwa sababu pumzi yake ilibadilika, na Phylis nilimtuma kwa jirani asione. Ule mstari mwekundu safi mliosifu na rafiki yako, nilikuwa nautazama ukitengenezwa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe na mkono wangu juu ya mkono wake. Nilikiondoa mara kadhaa, apumzike, akawa anakirudisha. Mimi nilikuwa hapo. Hakuwa na haja ya kuniita mimi.

Nilimwambia uko njiani. Nikamwambia umepita Isinya. Baadaye nikamwambia umefika Mashuuru, unanunua sukari. Nilikuwa nimekuchukia kiasi cha kukupangia safari nzima.

Karibu na mchana aliacha kubonyeza. Macho yake hayakuwa yanaona tena, yalikuwa yanapita juu yangu. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, na akaita jina lako. Lilitoka vizuri kabisa, wakati maneno mengine yote yalikuwa yamempotea. Akaita tena.

Nikaitika.

Evalyne